Mhandisi wa ndege katika jeshi la akiba Marekani: hesabu utaziweza, kalenda ndiyo mtihani

Ukienda kwa ofisa uandikishaji wa jeshi la akiba hapa Marekani, jambo la kwanza atakalokuambia ni wikiendi moja kwa mwezi na wiki mbili kwa mwaka. Kwa anayepangwa katika kikosi kamili cha akiba, chenye ndege zake na makamanda wake, ni kweli. Mhandisi wa ndege mara nyingi hapangwi huko. Hupangwa mmoja mmoja ndani ya ofisi ya jeshi la kudumu, kwa utaratibu unaoitwa IMA, na ofisi hiyo Jumamosi imefungwa. Wataalamu wenyewe wako nyumbani na watoto wao. Kwa hiyo siku zako za jeshi zitaangukia Jumanne na Jumatano, siku zilezile ambazo mwajiri wako wa kiraia anakuhitaji.

Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki huwa tunaogopa mambo mengine kabisa: mbio, lafudhi, kupigiwa kelele na mkufunzi. Hayo hupita. Hata hesabu za uhandisi zenyewe hazina ugeni kwa mtu aliyezifanya kazini kila siku. Wanaoshindwa hushindwa na mahudhurio, na tarehe, na fomu isiyosainiwa kwa wakati. Maelezo haya yanahusu Jeshi la Anga. Jeshi la Majini nalo lina maafisa wa akiba wa uhandisi wa ndege, lakini taratibu zao ni nyingine.

Karatasi kabla ya sare

Uafisa unataka uraia wa Marekani. Mwenye kadi ya ukaazi anaweza kujiunga kama askari wa kawaida, apate uraia kupitia utumishi, kisha aombe uafisa, na ndugu wengi wamepita njia hiyo. Lakini fahamu unachokiacha. Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua mwingine. Katiba ya 2010 inamlinda katika ibara ya 16. Ibara ya 78 ya katiba hiyohiyo inamzuia mwenye uraia pacha kuwa ofisa wa dola au kuingia jeshi la Kenya, kwa hiyo mwenye ndoto ya kurudi kugombea kiti alifikirie mapema. Mtanzania mtu mzima akichukua uraia wa Marekani anaupoteza wa Tanzania, na sheria ya Congo nayo haitaki uraia wa pili. Uamuzi huo ni wa ukoo mzima, hasa penye shamba la urithi. Uzungumzwe mezani nyumbani kabla mtu hajainua mkono kula kiapo.

Fani ya uhandisi ina namba 62E, na herufi inayofuata huonyesha tawi: A ni ndege, B vyombo vya anga za juu, E umeme na elektroniki, F majaribio ya kuruka, H mitambo. Shahada ya uhandisi ni lazima. Kama uliipata Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, anza kuifanyia tathmini rasmi mapema, maana ofisi ya uandikishaji itauliza iwapo chuo kinalingana na vile vilivyoidhinishwa na bodi ya ABET, na usafirishaji wa nakala za matokeo kutoka chuoni peke yake unaweza kula msimu mzima. Mwenye shahada ya pili ya chuo cha hapa hupumua kidogo, lakini ile ya kwanza bado itaulizwa.

Kisha kuna fomu ya upekuzi wa kibali cha usalama, SF-86, ambayo ndiyo inayowachelewesha watu wetu kuliko kitu kingine chochote. Inataka kila mahali ulipoishi kwa miaka 10, bila pengo. Inataka ndugu, wakwe, tarehe zao za kuzaliwa na anwani zao. Sasa, mama mkubwa aliyezaliwa mwaka wa mvua nyingi kule Mbinga ana tarehe gani? Na nyumba isiyo na namba wala mtaa inaandikwaje? Inaandikwa kama ilivyo: kijiji, kata, wilaya, na neno "makadirio" mahali pake. Kubuni tarehe ili fomu ikubali ni hatari zaidi kuliko kuacha makadirio, kwa sababu mahojiano yatafuata, na mhojiwa anayetaja tarehe tofauti na ya fomu anaonekana mwongo hata kama ni usahaulifu tu.

Kazi itakayokuokoa ni jedwali moja, lililoandikwa kabla hujafungua mfumo wa kujazia fomu hiyo. Safu ya kwanza, jina kama lilivyo kwenye pasipoti. Ya pili, kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa. Ya tatu, kama lilivyo kwenye vyeti vya shule. Watu wetu hubadilisha mpangilio wa majina kati ya darasa la saba na chuo kikuu bila kufikiria, na kompyuta ya mpekuzi huona watu watatu. Orodhesha pia fedha zako za nyumbani: akaunti za benki, hisa za chama, kiwanja, sehemu yako katika shamba la familia hata kama hati bado ina jina la babu. Fomu inauliza iwapo umewahi kumsaidia kifedha mtu asiye raia wa Marekani. Ada ya mpwa wako ni msaada huo. Iandike. Kutuma pesa nyumbani hakumnyimi mtu kibali. Kinachozua maswali ni kuficha, madeni yaliyokwama na kodi isiyolipwa.

Kibali kikishatoka, upekuzi hauishi. Safari za binafsi nje ya nchi zinaripotiwa kabla ya kusafiri, na hiyo ni pamoja na harusi ya Mombasa na mazishi ya Moshi. Kwa mazishi yasiyosubiri, tuma taarifa kwa ofisa usalama siku hiyohiyo unayokata tiketi, kwa barua pepe inayobaki na ushahidi, kisha jaza fomu kamili utakavyoelekezwa.

Na hapa niweke neno kuhusu maongezi. Sheria ya Marekani ya kudhibiti teknolojia ya silaha, ITAR, huhesabu kumpa mtu asiye raia wala mkaazi wa kudumu wa Marekani data ya kiufundi kuwa ni kuisafirisha nje, hata kama mko meza moja mnakula pilau Minneapolis. Mjomba anayehudumia F-5 za Kenya pale Laikipia anaweza kukuuliza swali la kawaida kabisa la kifundi kwenye WhatsApp. Jibu ni kwamba hamzungumzii hilo. Kompyuta yenye mafaili ya kazi nayo haipandi ndege kwenda likizo.

Kuchagua ofisi

Mafunzo ya uafisa, kwa asiyekuwa ofisa tayari, ni takriban miezi miwili huko Maxwell, Montgomery, jimbo la Alabama. Mwajiri atakukosa muda wote huo. Ofisa hujinunulia sare. Posho ya kuanzia ni dola 400, hulipwa mara moja, na haitoshi.

Kabla ya kukubali nafasi, ongea na mtu atakayekusimamia. Ndiyo, wewe ndiye unayemhoji. Kambi ya Wright-Patterson, karibu na Dayton, Ohio, ina maabara ya utafiti na ofisi zinazosimamia ununuzi na uhai wa ndege. Tinker kule Oklahoma inashughulika na ndege za B-52 na KC-135, pamoja na injini. Hill kule Utah ina F-16 na A-10, Robins kule Georgia ina C-130 na C-5. Edwards na Eglin ni majaribio, na Arnold kule Tennessee ni mahandaki ya upepo, yanayopimia ndege na sehemu zake ndani ya upepo wa kutengenezwa. Kazi inatofautiana sana kati ya vituo hivi, lakini maswali ya kumuuliza msimamizi ni yaleyale. Mara ya mwisho alikuwa na ofisa wa akiba lini? Yeye akiwa likizo, nani atakayeidhinisha vipindi vyangu, yaani zile saa nne nne za kazi ninazohesabiwa? Kuna meza na kompyuta, au nitakuwa nakaa kwenye kiti cha aliyesafiri? Kazi iko kwenye mtandao wa siri, ambao siwezi kuugusa nikiwa nyumbani? Msimamizi asiyejua hata kuna mfumo wa kuidhinisha vipindi atakugharimu mwaka, pamoja na ukarimu wake wote.

Umbali nao ni pesa. Hebu tufanye hesabu wazi. Luteni usu mpya mwaka 2025 alikuwa na mshahara wa msingi wa dola 3,998.40 kwa mwezi. Kipindi kimoja cha saa nne hulipwa sehemu moja ya 30 ya huo, yaani dola 133.28, na kwa siku unaruhusiwa vipindi viwili. Siku mbili kazini ni vipindi vinne, dola 533.12 kabla ya kodi, bila posho ya nyumba wala ya chakula. Tiketi ya ndege, gari la kukodi na siku mbili bila mshahara wa kiraia vinaweza kuizidi hiyo. Malazi kambini hutolewa kwa anayeishi mbali, lakini nauli ya vipindi kwa kawaida ni yako. Kuna mpango wa kurudisha nauli kwa anayeishi zaidi ya maili 150 ikiwa fani yake imo kwenye orodha, na orodha hubadilika. Uliza kila mwaka. Nauli isiyorudishwa, ukisafiri zaidi ya maili 100, hupunguzwa kwenye mapato yanayotozwa kodi, kwa fomu 2106. Dawa ni kukusanya vipindi: badala ya kwenda mara sita kwa siku mbili mbili, nenda mara mbili kwa siku sita sita, au vibandike kwenye ncha za zamu ya mwaka, yaani zile siku za mfululizo za kila mwaka, ambayo nauli yake hulipwa na jeshi.

Pointi 51

Nafasi nyingi za IMA ni za kundi B: vipindi 24 kwa mwaka na zamu ya mwaka ya siku 12. Saa ni hizi: vipindi 24 vya saa nne ni saa 96, siku 12 za saa nane ni 96 nyingine. Jumla 192. Yaani jeshi linapata chini ya wiki tano za mhandisi kwa mwaka mzima, na wewe unaondoka kazini kwako siku za kazi 12 pamoja na hizo za zamu.

Pointi sasa. Kila kipindi pointi moja, kila siku ya zamu pointi moja, na uanachama wenyewe hukupa 15. Jumla ni 51. Mwaka unaohesabika kwa pensheni unahitaji 50. Umeona upana wa ukingo huo? Vipindi viwili vikikosa saini, mwaka haupo. Siku za safari zikiongeza zamu hadi 14 unafika 53, bado ni palepale.

Mtego mkubwa umejificha kwenye tarehe. Wajibu wako wa kufanya vipindi na zamu hupimwa kwa mwaka wa fedha, 1 Oktoba hadi 30 Septemba. Pointi za pensheni hupimwa kwa mwaka wako binafsi, unaoanza tarehe uliyoingia. Chukua mtu ambaye mwaka wake unaanza 15 Machi. Zamu ya mwaka wa fedha 2024 aliifanya Februari 2024. Ya mwaka wa fedha 2025 aliifanya Mei 2025. Kwa bajeti, hajakosa hata moja. Lakini kati ya 15 Machi 2024 na 14 Machi 2025 hana siku ya zamu hata moja: ana vipindi 24 na zile 15, jumla 39. Mwaka umekwenda na maji, na hakuna aliyemwambia, kwa sababu hakuna ofisi moja inayotazama kalenda zote mbili kwa niaba yake. Andika tarehe zote mbili ukutani. Ukishaona zamu inavuka upande wa pili wa mpaka, omba ihamishwe au omba siku za ziada.

Usiweke vitu Oktoba wala Septemba. Oktoba bajeti huwa haijapita, na Serikali ikifungwa, kama ilivyotokea Oktoba 2013, vipindi huahirishwa na tiketi yako umeshaikata. Septemba kila mtu anakimbilia pesa zilizobaki, maombi hufungwa wiki kadhaa kabla, na mfumo hulemewa. Januari hadi Juni ndiyo miezi ya kufanya kazi.

Mpangilio wa utaratibu haubadiliki. Kipindi huombwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa UTAPSweb, msimamizi anakiidhinisha, ndipo unakifanya, kisha kinathibitishwa kwamba kimefanyika. Ukifanya kwanza na kuomba baadaye umejitolea bure. Zamu huombwa kwenye mfumo wa amri za zamu, AROWS-R, na usinunue chochote kabla amri haijathibitishwa, hata kama msimamizi amesema "usijali, itatoka". Madai ya safari huingizwa kwenye mfumo wa safari, DTS, ndani ya siku tano za kazi baada ya kurudi. Kadi ya safari ya Serikali haishiki mboga za nyumbani, hata mara moja, hata kama utailipa kesho.

Bado kuna mambo madogo yanayokula siku nzima. Akaunti ya kompyuta isiyotumika kwa takriban mwezi hufungwa. Mtu wa akiba anayekuja kila wiki ya saba atakuta imefungwa kila mara, na asubuhi yake ya kwanza itaishia kwa mafundi wa mtandao. Nunua kisomeo cha kitambulisho cha jeshi, cha bei ndogo, na uingie kutoka nyumbani kila wiki mbili, dakika tano tu. Mafunzo ya lazima ya usalama wa mtandao yafanye kabla hayajaisha muda. Kitambulisho chenye chipu kinachokaribia kuisha kihuishe nje ya siku za kazi, kwa miadi, maana foleni ya ofisi ile inaweza kumeza kipindi kizima. Uchunguzi wa afya wa mwaka na fomu ya daktari wa meno, DD 2813, vikipitwa na wakati, amri zako za zamu zinaweza kukwama kwa sababu ya jino.

Kazi yenyewe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tatizo la mhandisi wa akiba ni kwamba siku zote yuko kwenye zile siku mbili. Ofisi inampenda, inampa kiti na kahawa, na haimpi jembe, kwa sababu hakuna aliyekaa akakata kazi inayolingana na muda wake. Miaka miwili ya kusikiliza mikutano inawezekana kabisa, na tathmini yako ya mwaka haitakuwa na kitu cha kuandika. Jembe inabidi uliombe, na uombe la saizi yako.

Kuna kazi zisizofaa. Maombi ya msaada wa kiufundi kutoka vikosini, yanayokuja kwa fomu AFTO 107, huja ndege ikiwa chini na mtu akisubiri jibu. Kuwa mhandisi mkuu wa majibu hayo ukiwa unaonekana mara moja kwa wiki kadhaa ni kuwaumiza watu. Usimamizi wa mkandarasi wa kila siku nao haufai. Zinazofaa ni zile zenye mwanzo na mwisho: ukaguzi huru wa hesabu za mtu mwingine, uchambuzi wa data ya jaribio lililokwisha, ulinganisho wa njia mbili za ukarabati, marekebisho ya sura ya mwongozo wa kiufundi.

Uhai wa muundo wa ndege unatoa mfano mzuri. Jeshi la Anga lilianza mpango wa uimara wa muundo, ASIP, mwaka 1958 baada ya ndege za mabomu za B-47 kuanguka kwa uchovu wa metali. Desemba 1969 F-111 ilipoteza bawa karibu na Nellis, Nevada, ikiwa na takriban saa 100 tu za kuruka; kasoro ilikuwemo kwenye kiungo cha bawa tangu kiwandani. Tangu hapo mhandisi hulazimika kudhani kuwa ufa upo tayari. Kwa kawaida huanza na kasoro ya inchi 0.05, yaani milimita 1.27, kwenye tundu la ribiti lenye mkazo mkubwa, anakokotoa itachukua saa ngapi za kuruka kukua hadi kuvunja, kisha ukaguzi wa kwanza unawekwa nusu ya muda huo. Hesabu ikitoa saa 6,000, fundi anatazama kwenye 3,000. Si nadharia tu: Agosti 2019 C-130 zipatazo 123 zilisimamishwa baada ya nyufa kuonekana kwenye kiungo cha chini cha sehemu ya kati ya bawa.

Hesabu kama hiyo kwa programu ya AFGROW inakaa vizuri ndani ya zamu moja ya siku 12, ikiwa umeandaliwa. Siku mbili za kwanza ni kukusanya: michoro, aina na hali ya metali, historia ya mizigo. Siku nne au tano ni kuendesha na kujaribu mabadiliko. Zinazobaki ni kuandika na kukaguliwa na mtu wa pili. Panapoharibika ni pachache na panajirudia. Vizio: michoro ni ya inchi, mkazo ni wa ksi (pauni elfu kwa inchi ya mraba), na wewe kazini kwako kiraia unatumia milimita na megapaskali, jibu litatoka, litaonekana la maana, na litakuwa na makosa. Toleo la historia ya mizigo: ndege ilibadilishiwa kazi miaka mitano iliyopita na faili ulilopewa ni la zamani. Kigezo cha kuchelewesha ukuaji wa ufa baada ya mzigo mkubwa: kikiachwa kama alivyokiweka mtu aliyehama, kinaweza kurefusha maisha ya ndege kwenye karatasi bila kumrefushia rubani. Kabla ya kuendesha kesi yako, endesha kwanza kesi ya zamani ambayo ofisi inalijua jibu lake. Isipolingana, simama hapo.

Halafu utaondoka kwa wiki saba. Ndiyo maana kurasa za makabidhiano zina thamani kuliko hesabu yenyewe. Saa ya mwisho ya kila ziara iwe ya hizo tu: jina la faili na lilipo, toleo la mizigo, vizio, ulichodhani bila uthibitisho, kilichokaguliwa na nani, hatua inayofuata kwa sentensi moja. Viwe kwenye hifadhi ya ofisi. Kujitumia kwenye barua pepe ya nyumbani "ili nisisahau" ni kosa la usalama, hata data isipokuwa ya siri.

Kwa anayekwenda kwenye majaribio, Edwards au Arnold, tarehe za jaribio husogea na tarehe za amri yako hazisogei. Upepo, kihisi kimoja kilichokufa, ndege nyingine iliyopewa kipaumbele, na siku zako nne zimeisha ukitazama ukuta. Nenda na kazi ya pili mfukoni, iliyokubaliwa na msimamizi.

Chumbani utakuwa na raia waliokaa na ndege moja kwa miaka 20 au 30. Cheo chako hakiwazidi kwa lolote la maana. Waamkie, wasikilize, na ukiona kitu ambacho kiwanda chako cha kiraia hukifanya vizuri zaidi, kiulize kama swali. Hao ndio watakaokuambia ni mchoro upi usiuamini.

Mwajiri, nyumba na mstari kati yao

Sheria ya USERRA ya 1994 hukulinda: mwajiri hawezi kukufukuza kwa utumishi, wala kukulazimisha utumie likizo yako ya mwaka. Halazimiki kukulipa. Ukirudi kutoka zamu ya chini ya siku 31, unaripoti siku ya kazi inayofuata baada ya saa nane za kupumzika. Kati ya 31 na 180 una siku 14 za kuomba kurudi. Zaidi ya hapo, siku 90. Kikomo cha jumla kwa mwajiri mmoja ni miaka mitano, chenye misamaha. Sheria haitaji idadi ya siku za kutoa taarifa mapema, ila siku 30 ni uungwana, na kalenda ya mwaka mzima mwezi Novemba ni uungwana zaidi. Bosi akianza kuguna, ESGR, ofisi ya Wizara ya Ulinzi inayoshughulika na waajiri wa watu wa akiba, hupatanisha bila malipo kabla mambo hayajafika kwa wanasheria.

Lakini kuna jambo ambalo USERRA haiwezi kukutetea: mgongano wa maslahi. Mhandisi wa ndege kwa kawaida ameajiriwa na mkandarasi wa jeshi, au mkandarasi wa mkandarasi. Ukiwa umevaa sare huruhusiwi kushughulikia jambo linalogusa mfuko wa mwajiri wako au wako mwenyewe, na hii ni sheria ya jinai. Hisa za kampuni ulizopewa kazini zinahesabika. Mwandikie mwanasheria wa maadili wa kituo kabla ya siku ya kwanza, taja mwajiri, mradi na hisa, na upate jibu la maandishi. Ukiombwa kukaa kwenye kamati ya kuchagua mzabuni, mwandikie tena. Ulichokiona kwenye bei ya mshindani hakitoki nawe mlangoni, na kuna mikutano ya kiraia ambayo itabidi utoke nje bila kueleza sababu.

Bima ya afya ndiyo inayowabakiza watu wengi. TRICARE Reserve Select mwaka 2025 ilikuwa dola 53.80 kwa mwezi kwa mtu mmoja na 274.48 kwa familia, na ukiwa unalipia bima ya mwajiri utaelewa mara moja. Mtumishi wa Serikali ya shirikisho anayestahili bima ya watumishi haruhusiwi kuichukua hadi 2030, na wahandisi wengi wa vituo vya anga ni watumishi hao. Pensheni ni jambo jingine. Miaka 20 ya pointi 51 ni pointi 1,020. Gawanya kwa 360 upate kama miaka 2.8 ya utumishi, zidisha kwa asilimia 2 ya mfumo wa sasa, na una chini ya asilimia 6 ya mshahara wa msingi, kwa kawaida kuanzia umri wa miaka 60. Anayetaka zaidi huomba siku za ziada zinazolipiwa na jeshi la kudumu. Amri za zaidi ya siku 30 huleta posho kamili ya nyumba, na hapo hesabu hubadilika, ila hapo ndipo nyumba hulia.

Maana nyumba hulia. Mwenzi wako anabaki na watoto wiki mbili, wageni wa Krismasi wanakukosa, na michango ya msiba inakukuta kwenye kambi ambayo simu huachwa nje ya mlango. Kazini unajiona mtoro. Jeshini unajiona mgeni. Hisia hiyo haiondoki kabisa hata kwa waliozoea. Kinachoipunguza ni kutoa tarehe mapema kwa pande zote tatu, na kutomficha mwenzi kwamba mwito wa lazima upo: Rais anaweza kuwaita watu wa akiba hata kwa miezi 24, na mhandisi hana kinga.

Wajibu wa kijeshi wa mwanzo ni miaka minane kwa jumla, na si lazima yote iwe ya kuhudhuria. Mtoto akizaliwa mgonjwa au kazi ikikuhamisha pwani nyingine, omba kuhamia kundi la akiba lisilohudhuria mazoezi kabla hujaanza kukosa vipindi. Ombi lililotangulia utoro husomwa kama mpango wa mtu mzima. Likifuata utoro, linasomwa pamoja na faili la nidhamu. Kabla ya kuhama, pakua taarifa ya pointi zako, amri zote za zamu na kila fomu 40A ya vipindi iliyosainiwa, kisha zilinganishe mstari kwa mstari, kwa sababu pointi iliyokosekana mwaka wa tatu hurekebishwa kwa fomu hizo tu, na ofisi iliyozitoa huenda haipo tena.